BIKI, KAKAO NA SABUNI YETU



Kamata biki yako mkononi. Je, unajua kwamba "biki" ni jina la mtu? Hapa Butembo, kalamu ikitoka China ao India, sisi tunasema tu: "Niazimishe biki." Jina la mtu mmoja limekuwa neno la wote. Leo nataka tuongee namna jina linafika pale, na juu ya nini majina ya vitu vyetu hayafiki.

Mwaka 1945, vita ilipoisha, Marcel Bich na mwenzake Édouard Buffard walianza kazi katika karakana moja kule Clichy, karibu na Paris. Walikuwa wakifanya vipande tu vya kalamu za watu wengine. Kalamu yenye kagololi mbele hakuigundua yeye. Ilikuwa kazi ya László Bíró, mtu wa Hungaria, aliyeiandikisha mwaka 1938. Lakini kalamu hizo za kwanza zilikuwa bei kali, na nyingi zilivujisha wino. Bich akapata haki ya kuzifanya, akatumia mashini za Uswisi, za ufundi wa saa, ili kale kagololi katoke sawasawa kabisa. Desemba 1950 akaleta Bic Cristal sokoni kwa bei ya chini. Akaondoa herufi h ya mwisho katika jina lake, basi. Kufika mwaka 2006, kampuni ilikuwa imekwisha kuuzisha zaidi ya biki miliari 100. Na toka 1991 kifuniko kina tundu, ili mtoto akikimeza, hewa ipate njia ya kupita. Angalia biki yako: kama ni ya kweli, tundu liko.

Munaona? Alianza na kagololi kasikovujisha. Jina lilikuja nyuma.

Sasa turudi kwetu. Tuko na kahawa ya Butembo na Lubero, tuko na kakao ya Beni, tuko na papaini. Miaka mingi kahawa yetu imevuka mpaka kwa njia za magendo, ikaingia Uganda na kuuzishwa kama kahawa ya kule. Kakao nayo imefuata njia ileile. Na wanaoilima ni watu wa Beni, ambao toka Oktoba 2014 wamezika ndugu wengi, wengine wakiuawa katika mashamba yao. Mtu anahatarisha maisha yake juu ya gunia moja, halafu jina la gunia linachukuliwa na mwingine. Mimi hiyo inaniuma.

Lakini inawezekana. Kule Mutwanga, chini ya mlima Ruwenzori, mwaka 2013 waliwasha umeme wa maji ya mto Butahu. Nyuma yake kikaja kiwanda cha shokola, na kakao ya Beni ikapata karatasi yenye jina la Virunga juu yake.

Wengine watanijibu: "Dwayeni, sisi hatuna umeme, hatuna barabara, hatuna amani. Jina litatoka wapi?" Ni kweli, sibishi. Lakini kuna kitu kimoja hatuwezi kungojea kutoka Kinshasa, na nitakisema kwa kutoboa siri yetu sisi wafinalisti.

Mwaka jana tulianza kufanya sabuni ya mafuta ya mawese. Ya kwanza ilikuwa nzuri, tuliiacha ikauke wiki nne. Mamá za soko walikuja wenyewe kuuliza "ile sabuni ya wanafunzi". Tulikuwa tayari na jina, bila hata kuliandika! Halafu tukaona franka. Tukaongeza maji, tukauzisha sabuni mbichi, nzito mkononi, ambayo nyuma ya siku kumi inabaki nusu. Mimi nilijua, nikanyamaza. Juzi nilipita sokoni na karto yangu. Mamá mmoja akaniambia polepole, bila kukasirika: "Mutoto wangu, ile yenu inayeyuka kama chumvi. Peleka kwingine." Nilirudi na karto nzima kichwani, na haya kubwa.

Hakuna mwenye silaha aliyetuharibia jina lile. Ni sisi wenyewe.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, sabuni isitoke tena kabla ya wiki nne, na mwanafunzi wa klasi ya chini awe na ruhusa ya kuipima mbele yetu. Pili, aliyenunua ile mbaya arudishiwe nyingine bure, hata kama kasha letu litabaki tupu. Tatu, tusiandike jina la masomo yetu juu ya sabuni mpaka yule mamá wa soko aseme imekuwa nzuri.

Sisi wafinalisti tutafanya Ekzeta, tutaenda. Wengine watakuwa na maduka, wengine watanunua kakao kwa wakulima wa Beni. Mwenye kuzoea kuongeza maji katika sabuni, kesho ataongeza mawe katika gunia.

Asiyekubaliana nami aandike, nafasi iko katika namba inayokuja.

Dwayeni wa wanafunzi