Asiye na Kwao

Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868, wakawakomboa watumwa wasiokuwa tena na jamaa wala maskani, hawakuridhika kuwapa chakula tu, bali waliwaanzishia kijiji, mume na mkewe wakapata kibanda na shamba lao. Na ijapokuwa nidhamu ya misheni ilikuwa kali, kwa rai yangu, hapo walipatia. Sisi wa kijiji cha Mkange, tumpitiao mtu alalaye barazani pa duka tukamtupia sarafu bila hata salamu, twadhani tumetimiza faradhi. Tumuulize kwanza jina lake na ukoo wake, kisha tumfikishe kwa mwenyekiti wa kijiji aombewe shamba, maadamu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeipa halmashauri ya kijiji, kwa idhini ya mkutano mkuu, mamlaka ya kugawa ardhi.