UKIOONESHWA MGENI, MTAZAME TAJIRI

Kijana mwenzangu, hebu fikiri kidogo. Bosi anakuita ofisini, anakwambia kazi yako imekwisha. Lakini usiondoke kwanza. Kaa miezi mitatu umfundishe mtu atakayekalia kiti chako. Ukikataa, fungu la nyongeza la kuondokea hulioni. Utafanyaje?

Kijiweni kwetu tunaamini mambo hayo ni ya nchi za walalahoi tu. La hasha! Yalitokea Marekani, mjini Orlando, kwenye kampuni kubwa ya Disney. Oktoba 2014 mafundi wa kompyuta wapatao 250 waliambiwa watapunguzwa. Wakaletewa watu wa kufundishwa, wengi wao kutoka India, wenye viza iitwayo H-1B. Baadhi ya wenyeji walipata nafasi nyingine humo humo, wengine Januari 2015 wakatoka. Waliokwenda mahakamani, kesi ilitupwa mwaka 2016.

Sheria ilikuwa wapi? Hapo ndipo penye kiini macho. Viza hiyo ilianzishwa mwaka 1990 kuziba pengo la ujuzi. Mwaka 1998 ikatungwa sheria kuzikataza kampuni zinazotegemea wageni wa viza hiyo zisiwaondoe wenyeji. Lakini sheria hiyo hiyo ikaacha mlango wa nyuma: mgeni akilipwa dola 60,000 kwa mwaka, katazo halimhusu. Bei ya kila kitu imepanda tangu hapo, kiwango hicho hakijaguswa.

Sasa usikimbilie kumlaani Mhindi. Naye amefungwa kamba. Viza yake inamtegemea tajiri aliyemwombea. Akiachishwa kazi ana siku 60 tu za kupata tajiri mwingine, la sivyo afungashe virago. Mtu wa namna hiyo atadai nyongeza? Atagoma? Thubutu! Tajiri anamtisha mwenyeji kwa mgeni, na mgeni anamtisha kwa ndege ya kurudi kwao. Wote wawili wananywea, yeye anahesabu faida.

Septemba 2025 Rais Trump alitangaza ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya viza hiyo. Wako walioshangilia. Lakini ada haimpi mgeni uhuru mbele ya tajiri wake, wala haizibi ule mlango wa nyuma. Fedha ni za serikali, fundi aliyefukuzwa haambulii hata senti.

Na sisi Watanzania tusicheke ya jirani. Sheria yetu ya mwaka 2015 ya ajira za wageni inamtaka mwajiri awe na mpango wa mgeni kumrithisha mwenyeji ujuzi. Ni kinyume kabisa cha Orlando, na ni sheria nzuri. Je, wewe unayefanya kazi chini ya mtaalamu wa nje umewahi kuuona mpango huo? Basi uliza. Ulizeni pamoja, maana anayeuliza peke yake hutimuliwa peke yake.

Na siku mkubwa akikunyooshea kidole kumwelekea mgeni, mtazame kwanza mwenye kidole.