Upepo Umeingilia Wapi?

Katika mji wetu wa Katoro ipo sentensi moja inayosamehe kila kosa la barabarani: "Breki zilifeli." Pikapu ikiparamia genge la nyanya, ikigonga bodaboda au ikimvunja mtoto wa watu miguu, dereva hushuka, hushika kichwa, hutamka sentensi hiyo, na umati humjibu kwamba ajali haina kinga. Mambo huishia hapo. Mimi sikubali yaishie hapo.

Nasema bila kumung'unya maneno: ni nadra sana breki za pikapu kuukuu kufa ghafla. Huugua kwanza, tena huugua kwa sauti. Pedeli ikizama hadi chini, lakini ukiikanyaga mara 2 au 3 ikapanda na kushika, kuna upepo ndani ya mabomba, au lainingi za nyuma zimelika zikawa mbali na dramu. Ukiikanyaga na kuishikilia, nayo ikazama taratibu chini ya mguu, kuna mahali mafuta yanavuja, au raba za ndani ya masta silinda zimechoka. Ikiwa ngumu kama jiwe na gari halisimami, tazama busta na mpira wake. Gari likivuta upande mmoja, gurudumu moja linafanya kazi na jingine limelala. Dereva anayepewa taarifa hizo wiki nzima na akaendelea kupakia magunia hana haki ya kusema ameshtukizwa.

Sasa niwageukie mafundi wetu, ambao nawaheshimu kwa mengi lakini si kwa hili. Dawa yao kwa kila ugonjwa wa breki ni kutoa upepo. Kijana anaingia uvunguni na spana namba 10, mwenzake anakanyaga pedeli, mafuta yanaruka mchangani, nati inakazwa, gari linaondoka. Baada ya siku 4 limerudi, na upepo unatolewa tena. Hebu tuulizane, upepo huo umeingilia wapi? Mabomba ya breki yamefungwa kama chupa. Hewa haiingii ila mafuta yamepata njia ya kutokea, au kikopo cha juu kimeachwa kikakauka, au aliyefungua mabomba mara ya mwisho hakumaliza kazi. Kutoa upepo bila kutafuta tundu ni kudeki sakafu huku paa linavuja.

Kazi ya haki huanza kwa macho. Tazama upande wa ndani wa kila gurudumu kama kuna unyevu, kagua mabomba yaliyosuguliwa na chesisi, pinda mipira uone nyufa. Ziba, badilisha raba, ndipo utoe upepo. Magari yetu yana usukani kulia na masta silinda iko huko huko, basi kwa kawaida anza na gurudumu la mbali zaidi, la nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mwisho mbele kulia. Mwenzako akanyage na kushikilia, ufungue nati, uifunge kabla hajaachia. Rudia mpaka mafuta yatoke safi bila povu, na kikopo kisikauke hata mara moja.

Na mafuta yawe ya breki! Nimeona kwa macho yangu watu wakimimina maji ya sabuni, wengine oili ya injini. Oili huvimbisha raba na kuziua. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, wakati mafuta mapya ya DOT 3 huvumilia hadi nyuzi 205, na hata yakishanyonya unyevu hutakiwa yavumilie 140. Breki zikipata moto, maji hugeuka mvuke, mvuke hubonyea, na pedeli hugusa sakafu.

Nitaambiwa, "Katoro ni tambarare bwana, hapa si Kitonga." Ni kweli hatuna Kitonga, lakini tuna gulio, watoto wa shule, mbuzi, na lami iliyotuongezea mwendo. Mwendo ukizidi mara 2, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki huzidi mara 4. Ongeza mifuko ya mawe kutoka machimbo ya Rwamgasa, kisha niambie tambarare inakusaidia nini.

Lakini mkosaji mkubwa hayupo garini wala gereji. Ni mwenye gari, anayedai hesabu yake kila jioni, na akiombwa fedha za raba anauliza, "Si bado linasimama?" Huyo ndiye anayechagua. Dereva anayekataa kuliendesha hufukuzwa, na kesho yake usukani una mtu mwingine. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza gari bovu barabarani, lakini sheria hailali uvunguni.

Tarehe 24 Juni 2002, karibu na Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria ilishindwa kusimama mlimani, ikarudi nyuma ikagongana na treni ya mizigo. Watu zaidi ya 280 walikufa. Taifa lililozika watu wote hao halipaswi kulichukulia neno breki kama udhuru.

Basi safari ijayo dereva akisema breki zilifeli, tusimjibu kwamba ajali haina kinga. Tumuulize zilianza kuugua lini, nani aliambiwa, na nani alikataa kutoa fedha. Kinga ipo, na bei yake ni ndogo kuliko sanda.