Pistoni na Amana ya Nyumba



Juma hili tumepokea barua ya dada yetu ambaye mumewe yuko Ghuba kikazi. Gari la nyumba, Subaru Forester yenye turbo, lilipoteza nguvu likawa latoa moshi wa samawati, na fundi alipoifungua injini alikuta pistoni mbili zimevunjika. Amemletea dada bei mbili: pistoni za kusubu, yaani zilizomiminwa katika kalibu kama zile za awali, na pistoni za kufuliwa, ambazo bei yake ni zaidi ya maradufu. Ametakiwa achague kabla ya Ijumaa. "Fedha hizi ni jasho la mume wangu," aandika, "nami nitaulizwa."

Wapo watakaosema kuwa hayo ni mambo ya wanaume. Sisi hatusemi hivyo. Mke ni mchungaji katika nyumba ya mumewe, na gari lililo juu ya mawe gereji ni sehemu ya nyumba hiyo. Basi na tulieleze jambo lenyewe.

Kwanza, ijue injini kabla ya pistoni. Jina la gari halitoshi. Injini za jamii ya EJ20 zina silinda nne zilizolala, mbili kila upande, na kila moja ina kipenyo cha milimita 92, iwe injini ina turbo au haina. Kwa hivyo pistoni ya injini isiyo na turbo huweza kuingia katika injini ya turbo bila ya kukwama. Hapo ndipo penye mtego. Pistoni ya turbo huwa na bonde kichwani, ili hewa isibanwe kupita kiasi, kwa kuwa turbo yenyewe imekwisha kuisukuma. Injini ya turbo hubana takriban 8 au 9 kwa 1. Isiyo na turbo hukaribia 10 kwa 1. Ukikosea, petroli hulipuka kabla ya wakati wake, injini ikagonga kama changarawe ndani ya mkebe, na kingo nyembamba baina ya ringi zikakatika. Sisi wenyewe tulipata kununua kwa kutazama kipenyo tu, na gari halikumaliza mwezi. Soma namba iliyopigwa chapa kwenye mwili wa injini, uiandike, uende nayo dukani.

Pili, pistoni zilizovunjika usikubali zitupwe, maana hizo ndizo mashahidi. Iliyokatika baina ya ringi yashuhudia mgongo huo tuliousema. Iliyokwaruzika ubavuni yashuhudia joto au upungufu wa oili. Iliyoyeyuka kichwani mara nyingi yashuhudia petroli kuwa haba mbele ya hewa nyingi. Muulize fundi, "Hizi zimevunjwa na nini?" Asipokuwa na jawabu, pistoni mpya zitafuata njia ya zile za kale, ziwe za kusubu au za kufuliwa.

Tatu, kipimo. Silinda iliyochakaa haibaki duara kamili. Fundi apime kwa chombo cha kupimia, juu, kati na chini, na kwa pande mbili zinazokatana, jicho halitoshi. Ikiwa imelika, itachongwa, na pistoni itakuwa kubwa zaidi kwa milimita 0.25 au 0.50. Lakini pistoni zije kwanza, zipimwe moja moja, ndipo silinda zichongwe kuzifuata. Nafasi baina ya viwili hivi ni ndogo kuliko unene wa unywele. Anayechonga kwanza kisha akatafuta pistoni anabahatisha. Zipimwe uzito pia, zote nne zikaribiane, na alama ya kichwani ielekee mbele ya injini.

Sasa, zipi? Pistoni za kufuliwa ni imara kweli, na anayetaka kuzidisha msukumo wa turbo atazihitaji. Lakini hutanuka zaidi zikipata moto, hivyo hutaka nafasi kubwa zaidi, na asubuhi injini ingali baridi huweza kubisha. Gari la kupeleka watoto skuli na madrasa, ambalo turbo yake haikuchezewa, latosheka na pistoni nzuri za kusubu zilizotengenezwa kwa injini hiyo hiyo ya turbo. Dada, rai yetu ni hiyo. Fedha itakayobaki itengeneze kile kilichozivunja za kwanza. Wala usiikimbilie Ijumaa: kabla ya vipimo, hakuna awezaye kukutajia saizi.

Mwisho ni mapatano. Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta unyevu chini, akamkemea mwenye kulificha. Pistoni katika boksi zuri ni rundo kama hilo. Risiti iandikwe namba ya injini, saizi, na aina ya pistoni. Sheria yetu yampa mnunuzi haki ya kurudisha kitu kwa aibu iliyokuwemo tangu kwa muuzaji. Na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, wawili waweza kushartiana hiari ya kurudisha hadi siku tatu. Lishurutishe kabla ya kulipa, na siku hizo tatu zitumie kupima. Nenda na kaka yako au shemeji, lakini maswali uulize wewe. Kisha mpigie mumeo umsomee vipimo, ili uamuzi uwe wenu wawili.

Fundi mwaminifu hachukizwi na maswali haya. Atakayechukizwa amekwisha kukujibu.

Wabillahi tawfiq.