Maelezo Yaliyobaki Kwenye Jalada

Ndugu zangu wa Kilosa na Mikumi,

 

Kila mtu anapouawa katika ugomvi wa mashamba na mifugo, kilio chenu ni kimoja: akamatwe mtu, na upesi. Nawaelewa. Wilaya iliyozika watu 38 waliouawa katika ugomvi huo Rudewa Mbuyuni, Desemba 2000, haiwezi kuwa na subira. Lakini haraka hiyo ina hatari yake.

Mwaka 1987, hapa Texas, Michael Morton alifungwa maisha kwa kumuua mkewe. Mtoto wao wa miaka mitatu alikuwa amemsimulia bibi yake kwamba muuaji alipokuja, baba hakuwepo nyumbani. Jirani naye aliwaeleza polisi habari za mtu aliyekuwa akiegesha gari la kijani karibu na nyumba hiyo. Maelezo yote mawili yalikuwa kwenye jalada. Walioamua kesi hawakuyasikia. Mwaka 2011 kipimo cha DNA kikamwonyesha mtu mwingine, Morton akaachiwa baada ya karibu miaka 25. Huyo mwingine, akiwa huru, alikuwa amemuua mwanamke wa pili mwaka 1988. Mwendesha mashtaka, Ken Anderson, ambaye alikwishakuwa jaji, alihukumiwa mwaka 2013 kwenda jela siku 10 kwa kuficha ushahidi huo.

Kwetu mauaji hayana dhamana, na adhabu yake ni kunyongwa. Kabla kesi haijaenda Mahakama Kuu, mshtakiwa husomewa maelezo ya mashahidi. Sikilizeni vizuri hapo: yanayosomwa ni ya mashahidi waliochaguliwa na upande wa mashtaka. Jirani aliyeandika maelezo polisi na kusema jambo tofauti anaweza asitajwe kabisa.

Kwa hiyo familia ya mshtakiwa ikae na kujiuliza: nani aliitwa kituoni, na jina lake halimo katika mashahidi hao? Mpeni wakili majina hayo mapema, hata akiwa ni yule ambaye mahakama imempangia ndugu yenu, maana upande wa utetezi nao una haki ya kuita mashahidi. Katika kesi ya Aziz Abdallah, Mahakama ya Rufani ilisema kuwa shahidi muhimu asipoitwa bila sababu ya kutosha, mahakama inaweza kuutafsiri ukimya huo dhidi ya upande wa mashtaka.

Nanyi wafiwa, ulizeni vilevile. Akifungwa asiyehusika, aliyewaulia ndugu yenu bado mnapishana naye mnadani.

Ndugu yenu,
Texas