Mchumi Asiyeuliza Shamba ni la Nani

Bwana Mtengenezaji,

Naomba nafasi kidogo nipate kujibu neno ambalo baadhi ya makarani wenzetu wa Masasi na Newala hulisema barazani, tena kwa kiburi: ya kuwa elimu ya uchumi ni elimu ya kweli kwa kuwa ina hesabu, lakini elimu ya jamii ni masimulizi ya ngoma na mirathi. Neno hilo si kweli, na kwa nchi yetu ya mikorosho lina hasara.

Nianze na hesabu yenyewe, maana ndiyo waipendayo. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata korosho tani 145,000 hivi. Msimu wa 1986/87 hazikutimia 20,000. Mchumi akiulizwa sababu hutaja bei, ya kuwa mkulima alipewa sehemu ndogo ya thamani ya mali yake. Asema kweli. Mtaalamu wa mimea hutaja ubwiriunga, ukungu mweupe unaoharibu maua. Naye asema kweli. Lakini katika miaka ile ile ya sabini watu walihamishwa kukaa vijijini, na mikorosho haikuhamishwa pamoja nao. Korosho haichumwi mtini kama chungwa. Huanguka ikaokotwa, na pasipopaliliwa haionekani. Mwanamke aliyezoea kuokota nyuma ya nyumba yake akawa na safari, naye nguvu zake zilikuwa zimekwisha katika kuteka maji, maana juu ya uwanda wa Makonde mchanga hunywa mvua yote na chemchemi ziko chini mabondeni. Bei gani ingemrudisha shambani? Jibu halimo katika daftari la bei.

Tena liko jambo la mirathi wanalolicheka. Wamakonde, Wamakua na Wayao huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Shamba la mtama likichoka huachwa, wala hapana shauri kubwa. Mkorosho waweza kuishi kuliko aliyeupanda. Baba ataka mwanawe aurithi. Mpwa asema ni mali ya ukoo wa mjomba. Atanunuaje salfa mtu asiyejua mti utakuwa wa nani? Hilo ni shauri la uchumi au la jamii? Mimi sioni mpaka.

Hata Max Weber, ambaye wanajamii wote humwita mzee wao, alikuwa mwalimu wa uchumi katika chuo kikuu cha Freiburg tangu 1894. (Nakiri wapo wanajamii wasioweza kujumlisha gunia tatu na nne, hao nao warudi shule.)

Mwaka jana nilipewa fomu ya kuandikisha wakulima. Safu za ekari, miti na kilo zilikuwamo. Ya mwenye shamba, jina moja tu. Bibi mmoja akaniambia kwamba ardhi ni ya mama yake, mikorosho ilipandwa na marehemu mumewe, na mpwa wa marehemu anaidai. Nikaandika jina la mpwa, kwa kuwa ndiye aliyekuja na kitambulisho. Hesabu ikakubaliwa bila swali, na salfa akaichukua yeye, huku bibi akibaki na jembe lake chini ya miti ile ile.

Nawasihi wanachama watakaotengeneza fomu nyingine waongeze safu mbili: ardhi ni ya nani, na miti ni ya nani. Karatasi ina nafasi. Nimeipima kwa rula.

Ni mimi,
Karani, Newala