Nchi Hii Si Sinema Tosha

Ukilalamikia serikali ndani ya matatu ya Kitengela, hukosi abiria wa kukujibu kwamba nchi hii ni sinema. Kauli hiyo imezaa imani ambayo hata watayarishaji wa filamu wameimeza: Mkenya hahitaji filamu nzito ya siasa, maana anaiona bure kila jioni kwenye taarifa ya habari. Mpe vichekesho, acheke, akalale.

Imani hiyo ni potofu, na Kajiado, kaunti ya Kitengela hiyo hiyo, inaiumbua vibaya.

Taarifa ya habari humwonyesha mshukiwa akishuka garini, wakili akilalamika, mwanasiasa akikanusha. Dakika mbili, kisha michezo. Filamu nzuri ya siasa humshika mtu mmoja na kukaa naye mpaka mtazamaji ajue anamwogopa nani, anampenda nani, na ni lini aliamua kutonyamaza. Ndivyo alivyofanya Fernando Meirelles mwaka 2005 katika The Constant Gardener, iliyotokana na riwaya ya John le Carré. Justin Quayle, mwanadiplomasia mpole anayependa mimea yake kuliko mabishano, anafuatilia mauaji ya mkewe hadi kwenye majaribio ya dawa kwa wagonjwa maskini. Mwisho wake unamkuta peke yake kando ya ziwa. Katika hadithi ni Turkana, lakini kamera ilitumia Magadi, Kajiado. Rachel Weisz, aliyeigiza mkewe, alishinda Oscar. Kaunti ikatoa mandhari. Shujaa akawa Mwingereza.

Na hadithi za Kajiado yenyewe?

Tarehe 2 Machi 1975, J.M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, alionekana akiondoka hoteli ya Hilton jijini Nairobi pamoja na maafisa wa polisi. Kesho yake mchungaji wa Kimaasai alikuta maiti kwenye vilima vya Ngong. Ilikaa mochari bila jina huku gazeti likiandika kwamba mbunge yuko Zambia, hadi familia ilipomtambua. Kamati ya Bunge chini ya Elijah Mwangale ilichunguza na kutaja wakubwa, lakini hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo. Na huyu JM aliwahi kuwa katibu wa Rais Jomo Kenyatta, akala naye, akamtumikia, kisha akasimama hadharani kuupinga utajiri wa wachache. Mtu wa namna hiyo hatoshi kwenye dakika mbili.

Kitengela nayo ina yake. Tarehe 19 Agosti 2024, ndugu wawili, Jamil na Aslam Longton, walitekwa. Mwanaharakati Bob Njagi naye akachukuliwa siku hiyo hiyo. Jaji Lawrence Mugambi akamwita kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi Gilbert Masengeli aje kueleza waliko. Hakuja. Akaitwa tena na tena, na Septemba 13 jaji akamhukumu miezi sita jela kwa kudharau mahakama. Watatu hao waliachiliwa Septemba 20, baada ya siku 32. Habari zilituonyesha kiti kitupu cha Masengeli. Filamu ingetupeleka nyumbani: sahani iliyofunikwa mezani, simu isiyoachwa izime chaji, jirani aliyeanza kupita bila salamu.

Brazil haikosi vurugu za kisiasa. Hata hivyo, mwaka 2024 Walter Salles alitoa Ainda Estou Aqui, kuhusu Rubens Paiva, mbunge wa zamani aliyechukuliwa nyumbani kwake Rio de Janeiro mwaka 1971. Kamera haimfuati kizuizini. Inabaki na mkewe Eunice na watoto. Wabrazili walijaa kumbini kwa mamilioni, na mapema mwaka 2025 cheti cha kifo cha Paiva kikarekebishwa kutaja kwamba aliuawa na dola.

Wapo wanaosema kinachozuia ni woga, na hapo wana hoja. Aprili 2025, maonyesho ya Blood Parliament, filamu ya BBC kuhusu waandamanaji waliouawa nje ya Bunge, yalifutwa Nairobi. Siku chache baadaye watengenezaji filamu wanne walikamatwa, ingawa BBC ilisema hawakuhusika nayo. Lakini mauaji yale yalikuwa yameshapita kwenye taarifa ya habari mara nyingi. Kilichowatia wakubwa kiwewe ni watu kuketi pamoja na kuyatazama kwa utulivu, mwanzo hadi mwisho. Ripoti ya Mwangale ipo, na waliotekwa Kitengela wamesimulia yaliyowapata hadharani. Mtayarishaji anayedai hana hadithi aanzie hapo.